G41 kwenye tundu la beringi 62 H7: alamu 034, alamu 041, na namba gani iingie kwenye D?

SpindoNamanve

Habari za kazi, mafundi. Natengeneza nyumba za beringi 6206 kwa mashine za kusagia posho. Chuma ni laini cha kawaida, unene 25 mm, tundu ni 62 H7 (kipenyo 62 mm, H7 ni daraja la tolaransi) lenye kina cha 16 mm. Mashine ni ya milingi ya wima yenye kontrola ya Fanuc 0i. Kikata ni endimili ya kabaidi ya 16 mm, meno manne, na tundu tayari limetanuliwa hadi 61.6, kwa hiyo kila upande umebaki na 0.2 ya pasi ya mwisho.

Programu ya CAM (ile inayotolewa na kompyuta) isiyo na G41 (amri ya kuwasha fidia ya kikata) inanipa tundu la 61.94. Ili kusogeza saizi kidogo tu lazima nirudi kwenye kompyuta na kutoa programu upya, ndiyo maana nataka fidia ya kikata (mashine yenyewe isogeze kitovu cha kikata pembeni ya njia kwa namba iliyo kwenye D) nisahihishe palepale kwenye mashine. Hii nimeiandika kwa mkono:

G0 X0 Y0
G43 H1 Z5.
G41 D1 G3 X31. Y0 R15.5 F320
G1 Z-16.
G3 I-31.
G1 G40 X0 Y0

Inatoa alamu 034. Nikibadilisha G3 ya kwanza kuwa G1, 034 inaondoka inakuja 041. Naomba kujua tatizo liko wapi, D iandikwe 8 au 16, na tundu likiwa dogo naongeza namba au napunguza? Pia nina endimili zilizonolewa upya, je, zinafaa kwa kazi hii?

---

Kabaidi_Jinja

Nianze na alamu, kisha wengine watakusaidia upande wa vipimo.

034 maana yake ni moja: umeiwasha fidia ndani ya mstari wa G2 au G3 (miendo ya tao). Fanuc haikubali fidia iwashwe au izimwe kwenye tao. G41 iwashwe kwenye G1, mwendo ulionyooka (au G0), na G40 inayozima fidia vilevile. Mstari huo ulionyooka ndio unaoipa mashine nafasi ya kusogeza kitovu cha kikata kutoka kwenye njia uliyoandika hadi pembeni yake.

041 ni onyo kwamba ukiendelea kikata kitakula mahali kisipotakiwa. Sababu zake ni kadhaa, ila kwako naona moja iliyo wazi. Fungua ukurasa wa OFFSET uhesabu safu. Ukiona safu nne (urefu na nusu kipenyo, kila kimoja kina GEOM, yaani kipimo chenyewe, na WEAR, yaani marekebisho ya uchakavu), H1 (urefu) na D1 (nusu kipenyo) ni vyumba tofauti. Ukiona safu moja au mbili tu, H1 na D1 ni chumba kilekile! Maana yake kontrola imechukua urefu wa kikata chako, tuseme 142.6, ikaufanya nusu kipenyo, halafu ikaambiwa izunguke ndani ya tundu lenye nusu kipenyo cha 31. Haiwezekani, kwa hiyo 041. Kwa mashine za namna hiyo mafundi wengi wanaongeza 20: kikata cha T1 kinatumia H1 na D21, T2 kinatumia H2 na D22. Fanya hivyo hata kama una safu nne, maana programu ikihamia mashine nyingine haitaleta balaa.

Tatu, umeweka G1 Z-16. baada ya G41. Kontrola inasoma mistari inayofuata ili ijue kona inaelekea wapi. Ikikutana na mistari miwili mfululizo isiyo na mwendo wa X au Y (Z peke yake, M8, G4), inakosa dira, inaweka kikata mraba na mstari uliopita, na hapo ndipo chuma kinapochimbwa kwenye kona. Mstari mmoja wa Z mara nyingi unapita, lakini usiuzoee. Shuka kwanza, washa fidia baadaye.

Nne, hata alamu zikiisha, kuingia moja kwa moja kutoka katikati hadi X31. kutaacha alama ukutani pale kikata kinaposimama kugeuka. Ingia kwa tao linalogusa ukuta polepole. Hii inafaa kwa kazi yako:

G90 G17 G40 G54
T1 M6
S1600 M3
G0 X0 Y0
G43 H1 Z5. M8
G1 Z-16. F500
G41 D21 G1 X19. Y-12. F320
G3 X31. Y0 R12.
G3 I-31.
G3 X19. Y12. R12.
G1 G40 X0 Y0
G0 Z50. M9

Tao la kuingia ni R12 kwa makusudi. Lazima liwe kubwa kuliko nusu kipenyo cha kikata: 12 toa 8 inabaki 4, kitovu kina nafasi ya kuzunguka. Ukiweka R8 au pungufu, 041 inarudi. Mstari wa kuwasha fidia nao una urefu wa zaidi ya 22 mm, mrefu kuliko 8. Kuna kontrola zisizokubali mstari wa kuingia mfupi kuliko nusu kipenyo, kwa hiyo uwe na mazoea ya kuacha nafasi.

G41 ni kikata kuwa kushoto kwa njia ukitazama kule kinakoelekea. Ndani ya tundu, kwa G3, kushoto ni upande wa katikati. Sawa kabisa, na kwa spindo ya M3 kila jino linaanza na chuma kinene na kumaliza na chembamba, uso unatoka safi.

---

MwalimuKarakana

Kabaidi amemaliza upande wa programu. Mimi nashika D.

8 au 16 inategemea mashine ilivyowekwa. Fanuc ina parameta 5004, biti ya 2: ikiwa 0 inasoma nusu kipenyo, ikiwa 1 inasoma kipenyo. Haas wanaita Setting 40. Usikisie, na usimwamini aliyekuuzia mashine ya mitumba. Jaribu hewani: pandisha Z juu ya kazi, weka 8.000 kwenye D21, endesha programu mstari kwa mstari, simama mwisho wa mstari wa G41. Fungua ukurasa wa kuratibu za mashine (si za programu) ulinganishe Y na ile ya katikati ya tundu. Ikiwa Y imeshuka 4 mm, mashine imesoma nusu kipenyo, kwa sababu -12 ongeza 8 ni -4. Ikiwa imeshuka 8 mm, imesoma 8 yako kama kipenyo. Likishajulikana, andika kwa rangi kwenye mlango wa mashine.

Kuongeza au kupunguza: D ndogo inasogeza kikata karibu na ukuta. Ni hivyo ndani ya tundu, na ni hivyo nje ya kipande. Basi kila mara jiulize swali moja tu: chuma bado kipo cha kuondoa? Kama kipo, punguza D. Ukilishika hilo, hutahangaika tena na "ndani inaongezeka, nje inapungua" inayowachanganya watu.

H7 kwa 62 ni 62.000 hadi 62.030. Lenga katikati, 62.015. Utaratibu wangu ni huu, nikichukulia mashine inasoma nusu kipenyo. GEOM iwe 8.000. WEAR iwe +0.100. Endesha pasi ya mwisho. Kwa hesabu tundu litakuwa 61.800, lakini kikata kinapinda kidogo, tuseme unapima 61.760. Unahitaji 62.015, tofauti ni 0.255, kila upande 0.1275. WEAR mpya ni 0.100 toa 0.1275, yaani -0.0275. Kontrola inapokea desimali tatu, weka -0.028, utapata kama 62.016. Endesha tena.

Kwa nini nisianze na 0 nikarekebisha kidogo? Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Pasi ya kwanza ikiacha 0.0375 tu kila upande, kama hiyo 61.94 yako, pasi ya pili inakula chuma kidogo mno: meno yanasugua badala ya kukata, mzigo si ule wa mwanzo, kikata hakipindi kiasi kilekile, na saizi haiji pale ulipohesabu. Kwa utaratibu wa +0.100, pasi ya kwanza inakula 0.1 na ya pili karibu 0.13. Mzigo unakaribiana, kupinda kunakaribiana, hesabu inatimia.

Kwenye skrini, INPUT inafuta namba ya zamani na kuweka mpya, +INPUT inajumlisha. Ukiwa na 0.100 tayari, unaweza kuandika -0.128 na kubonyeza +INPUT. Usiache nukta ya desimali, na soma namba iliyokaa kwenye safu kabla ya kubonyeza START. Kati ya -0.028 na -0.28 kuna nyumba ya beringi iliyotupwa.

Pima tundu likiwa limepoa. Chuma hukua takriban 0.0115 mm kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Kipande cha 62 mm chenye joto la nyuzi 10 zaidi ya kipimo chako kinaonyesha 0.007 zaidi, karibu robo ya tolaransi yako yote. Na pima sehemu mbili za kina, karibu na Z-3 na karibu na Z-13, kwenye X na kwenye Y. Chini kukiwa kudogo kuliko juu, kikata kinapinda: fupisha urefu unaotoka nje ya koleti, au rudia pasi bila kugusa D. X na Y zikitofautiana, ni ulegevu wa skrubu za meza au jiriwa imebana kipande hadi kikajikunja. Hayo mawili D haiyatibu hata ukibadilisha mara ngapi.

---

SpindoNamanve

Asante ssebo, na Kabaidi pia. Ukurasa wangu una safu mbili tu, kwa hiyo kweli D1 ilikuwa urefu. Swali la vikata vilivyonolewa bado lipo. Na kwa kazi zenye maumbo magumu siwezi kuandika kwa mkono, CAM ina machaguo kadhaa ya fidia. Nichague lipi?

---

Nalukolongo_CAM

Machaguo yanayobeba uzito ni matatu.

Hali ya kompyuta: CAM inahesabu njia ya kitovu yenyewe, hakuna G41. Hiyo ndiyo iliyokupa 61.94.

Hali ya kontrola: CAM inaandika umbo halisi la mchoro na G41. D lazima iwe nusu kipenyo kizima, 8.000.

Hali ya uchakavu: CAM inahesabu njia ya kitovu kwa kikata cha 16, kisha inaongeza G41. D inabeba tofauti tu, kwa hiyo GEOM ya D ni 0 na WEAR inakuwa -0.028 au vyovyote itakavyokuwa. Kuna na ile ya uchakavu wa kinyume, ambapo alama ya kuongeza na kutoa inageuka. Iache, haikuongezei kitu ila kuchanganya watu wa zamu nyingine.

Hatari ni kuchanganya hali. Programu ya kontrola ikiendeshwa na D ya 0, kitovu cha kikata kinapita juu ya ukuta wenyewe na tundu la 62 linakuwa 78. Kipande kimekwenda, na huenda kikata kimekutana na klampu. Kinyume chake, programu ya uchakavu ikiendeshwa na D ya 8, kikata kinazunguka kwenye duara la 46 ndani ya tundu la 61.6, hakigusi kitu, au 041 inajitokeza kwenye tao la kuingia. Karakana moja ichague hali moja. Mimi napendelea uchakavu kwa kazi za CAM, sababu mtu akisahau kuweka D kosa linakuwa la sehemu chache za mia za milimita badala ya milimita nane. Na juu kabisa ya programu andika maelezo: D NI TOFAUTI TU au D NI NUSU KIPENYO. Mtu wa usiku asilazimike kubahatisha.

Vikata vilivyonolewa vinafaa sana, na kwa bei ya kabaidi mpya hapa Kampala hii ndiyo faida kubwa ya G41. Pima kwa maikromita kwenye meno mawili yanayotazamana (meno manne yanapimika hivyo, meno matatu yanahitaji maikromita yenye kitako cha V). Tuseme umepata 15.740. Kwa programu ya kontrola GEOM ni 7.870. Kwa programu ya uchakavu D ni -0.130, maana kikata ni kidogo na lazima kisogee karibu na ukuta. Usipime kwa venia, hii si kazi ya venia. Halafu ukishakibana kwenye koleti, kigeuze kwa mkono na saa ya kupimia ikigusa meno. Jino moja likitoka nje kwa 0.03, hilo ndilo litakalokata ukuta, na kipenyo ulichopima kwa maikromita hakisemi ukweli tena. Safisha koleti na nati yake kwanza. Mara nyingi ni uchafu.

---

Katwe_Milingi

Nyongeza kuhusu F (kasi ya mwendo wa kikata), sababu naona 320 kwenye programu ya Kabaidi. Meno manne, mizunguko 1600, 0.05 kwa jino inatoa 320, sawa. Lakini kwa Fanuc, F ni mwendo wa kitovu cha kikata. Kitovu kinazunguka kwenye nusu kipenyo cha 23, makali yanazunguka kwenye 31. Makali yanakwenda haraka kwa 31 gawanya kwa 23, yaani takriban 430. Ukitaka 320 ukutani, andika F240 kwenye duara. Ukizunguka nje ya kipande ni kinyume, makali yanakwenda polepole kuliko F. Kwenye tundu kubwa tofauti ni ndogo, lakini tundu likikaribia kipenyo cha kikata inakuwa kubwa sana na kikata kinavunjika.

Na umeme ukikatika katikati ya kazi, usianzie katikati ya mistari iliyo chini ya G41. Mashine ikiwashwa inaanza na G40, haijui kwamba ilikuwa kwenye fidia. Irudishe nyumbani, anzia mstari ulio kabla ya G41, kikata kikiwa juu.

---

Kabaidi_Jinja

Kweli, F240 kuanzia kwenye tao la kuingia. Rekebisha hapo.

---

MkerezajiMbale

Naongezea swali humuhumu. Shafti ya beringi hiyo ni 30 mm, ina njia ya kii ya 8 mm, kina 4. Kikata nilicho nacho ni cha 6 mm. Njia ni nyembamba, nitaingiaje kwa tao? Kila nikijaribu inatoa 041.

---

MwalimuKarakana

Nafasi ipo, ila ni finyu. Tao la kuingia lazima lizidi 3 (nusu ya kikata) na lisifike 4 (nusu ya njia). Chagua 3.5. Sifuri iwe kwenye kitovu cha nusu duara la mwisho wa kushoto wa njia, na urefu wote uwe 40 mm. Kwanza kata katikati kwa kikata kilekile, bila fidia, kwa tabaka mbili za 2 mm. Kisha kwenye Z-4., X0 Y0:

G41 D22 G1 X-3.5 Y-0.5 F60
G3 X0 Y-4. R3.5
G1 X32.
G3 X32. Y4. I0 J4.
G1 X0
G3 X0 Y-4. I0 J-4.
G3 X3.5 Y-0.5 R3.5
G1 G40 X0 Y0

Kwenye nusu duara nimetumia I na J, maana R kwa nyuzi 180 kamili haistahimili hata kosa dogo la desimali.

Kila upande umebaki na 1 mm, nyingi kwa kikata cha 6 kwa mara moja. Endesha kwanza na GEOM 3.000 na WEAR +0.300, kisha +0.100, upime, ndipo umalize. Jumla ya D isifike 3.5, la sivyo tao la kuingia halina nafasi tena na 041 itarudi. Hiyo huenda ndiyo inayokupata sasa. Njia ya 8 N9 (N9 ni daraja la tolaransi ya upana) ni 7.964 hadi 8.000, lenga 7.982. Pima upana kwa vipande vya geji, au kwa kii yenyewe ukishaipima kwa maikromita: iingie kwa kugongwa kidogo na nyundo ya plastiki, isianguke yenyewe. Ukijaribu kii na shafti bado iko kwenye jiriwa, unaweza kurudia pasi bila kupoteza sifuri.